Msumari wa Mgeni

Nilihamishiwa Kibwezi katikati ya miaka ya themanini, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miezi ya kwanza sikuweza kutulia mahali. Nilitoka Matinyani, upande wa Kitui, ambako asubuhi mtu hujifunga shuka kabla ya kwenda kukamua. Kibwezi joto lilikuwa limeshaamka kabla ya chai. Malori ya Mombasa yalipita mchana kutwa yakitikisa vikombe vyangu kabatini, na kila yalipopita niliinuka, kana kwamba mojawapo lilikuwa limekuja kunichukua. Mume wangu alibaki Kitui na kazi yake. Chumba changu kilikuwa kimoja, lakini nilikipanga upya karibu kila jioni: kitanda upande huu, meza upande ule, kisha navirudisha vilipokuwa.

Kilichonitoa humo chumbani siku za Jumamosi ni chesi. Vitabuni huitwa sataranji, lakini sisi sote tuliita chesi. Nilifundishwa na kaka yangu, naye alifundishwa shuleni. Kwa kuwa nyumbani hakuwa na mtu mwingine wa kucheza naye, alinikalisha mimi, msichana, akawa ananishinda kila likizo, mpaka likizo moja akaacha kunishinda. Nilipoanza kazi, Kitui mjini kulikuwa na kikundi kidogo cha walimu na makarani waliocheza, na humo ndani, nasema bila kujisifu, kulikuwa na mtu mmoja tu niliyemwogopa.

Kibwezi nao walicheza, katika ukumbi wa kanisa. Mhandisi mmoja wa barabara alikuwa ameondoka akawaachia mbao tatu za mchezo na vipande vyake. Nafasi za askari waliopotea, vile vipande vidogo vya mbele, zilijazwa na vifuniko vya soda. Mchungaji aliwaruhusu kwa masharti mawili tu, kwamba pesa isiwekwe mezani na matusi yasisikike. Ukutani, kando ya mlango, palisimamishwa ubao mrefu wenye misumari kuanzia juu hadi chini. Kila mchezaji alikuwa na kibati chake, kilichokatwa kutoka kopo la mafuta ya kupikia. Aliye bora kuliko wote alining'inia msumari wa juu. Ukitaka kupanda, unamwomba aliye juu yako mcheze, na ukimshinda mnabadilishana misumari.

Mwenyekiti wao alikuwa mzee wa kanisa aliyeuza saruji na mabati, na ule ubao aliutengeneza kwa mikono yake. Alinipokea vizuri. Alinikatia kibati palepale, akakilainisha kingo kwa jiwe nisijikate, kisha akakitundika chini kabisa.

"Mzee," nikamwambia, "mimi sijaanza leo. Kitui nilikuwa nacheza."

"Najua, mwalimu. Lakini hapa kila mtu alianzia chini. Hata mimi."

"Wewe ulipoanza, nani alikuwa juu yako?"

Akafikiri. "Hakukuwa na mtu."

Waliosikia wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka, lakini kibati changu hakikusogea.

Mtu mmoja alifurahi kuliko wote kwa kuja kwangu. Alikuwa ndiye wa mwisho kabla yangu. Zamani alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, mpaka mashine ya kukamua nyuzi ikamchukua mkono wa kushoto, na tangu hapo yeye na mkewe walilima nyanya na sukuma wiki karibu na mto. Alikuwa amekaa msumari wa mwisho tangu siku aliyojiunga. Aliye juu yake alikuwa mlinzi wa kanisa, na kila mwezi alimwomba mchezo, na kila mwezi mlinzi alimshinda. Alinizidi umri, lakini aliniita mwaitu, mama, kwa heshima.

"Karibu sana, mwaitu," alisema akiangalia kibati changu chini ya chake. "Umenifaa sana. Leo mimi si wa mwisho."

Nilidhani anatania. Akatoka. Baadaye akarudi na mkewe, mwanamke mrefu aliyejifunga leso mabegani, viatu vyake vikiwa bado na tope la shamba. Akampeleka hadi ukutani, akamwonyesha. "Huyu ni mimi. Na huyu wa chini ni mwalimu mpya kutoka Kitui." Mkewe akaangalia ubao, akaniangalia mimi, akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wa mwenzake.

Kisha mwenyekiti akasema, "Haya, mwalimu. Ukitaka kupanda, unaanza na huyo."

Tukakaa. Nilikuwa na hasira ya kutundikwa chini, na pia ile hasira nyingine isiyo na jina, ya malori na chumba kimoja. Nilicheza haraka. Yeye alifikiri sana kabla ya kila hatua, akiinua kipande kwa mkono wake mmoja na kukiweka polepole katikati kabisa ya mraba, lakini alikuwa haoni mbali. Malkia wake aliondoka mapema. Muda si muda mfalme wake alikuwa amebanwa pembeni na hana pa kwenda.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. "Kwa hivyo imekwisha?"

"Imekwisha," mumewe akasema.

"Na kibati?"

Mwenyekiti, ambaye sheria kwake ilikuwa sheria, alikwenda ukutani akabadilisha vile vibati viwili. Yule bwana akanipa mkono, akanishukuru, wakaondoka. Alikuwa amekaa juu ya mtu kwa muda wa kwenda nyumbani na kurudi.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuatia. Mimi nilipanda. Nilimpita mlinzi, nikampita karani wa posta, nikaendelea. Lakini kila nilipopanda, kuna mtu alishuka, na hakuna aliyeshuka kwa sababu alikuwa amecheza vibaya kuliko jana. Walishuka kwa sababu mimi nilikuwa nimeanzishwa mahali pasipo pangu. Mlinzi aliacha kunisalimu kwa muda. Karani wa posta alisema kwa sauti, ili nisikie, kwamba afadhali ningekuja nikatundikwa juu mara moja, watu wakaendelea na maisha yao.

Nilikuwa natamani Jumamosi ifike, na ikifika natamani iishe. Darasani nilitembea kati ya madawati mpaka mwanafunzi mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Jioni nilitembea hadi kwenye barabara kubwa nikarudi, kisha nikaenda tena. Mshindi wa namna hiyo hufurahi, ndivyo nilivyojiambia, lakini nilikuwa kama mtu aliyepewa chakula cha mwingine akakimaliza bila kujua.

Mwisho nikaamua kwenda kwa yule bwana. Njia ya kuelekea mtoni niliionyeshwa na wauza nyanya. Nilimkuta mkewe akifungua mfereji kwa jembe, maji yakiingia tuta baada ya tuta. Alinisalimia bila kuacha kazi.

"Umekuja kutushinda hadi hapa?" akauliza. Sikujua kama ni mzaha.

"Nimekuja kumsalimu mzee."

"Yuko. Ana afya. Hajakatazwa na mtu."

Lakini alinikaribisha, akaniletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage, kwenye bakuli, tukakaa kwenye kivuli cha ukuta. Mumewe alitoka shambani akajifuta jasho kwa mkono wa shati. Nilimwambia nasikitika kwamba haji tena.

"Sio kushindwa kunakoniuma, mwaitu," akasema. "Kushindwa nimezoea. Wewe ni mchezaji, mimi najifunza. Kama mwenyekiti angeniambia, 'Cheza na mwalimu ujaribu bahati yako,' ningefurahi. Lakini aliniambia wewe uko chini yangu. Nikaamini. Nikamleta mke wangu aone."

"Sheria yao ndiyo ilisema niko chini. Mimi sikusema."

"Najua. Ndiyo maana sina kinyongo na wewe." Akachota muthokoi. "Lakini ule ubao ni mwongo. Na mimi siwezi kwenda kila wiki kuangalia mwongo."

Neno hilo lilinifuata njia nzima. Ubao ulikuwa mwongo kweli. Kwa mwenyekiti, chini kulimaanisha mgeni. Kwa kila mtu mwingine kulimaanisha mbaya. Mgeni na mbaya walikuwa wamepewa msumari mmoja.

Nilimweleza mwenyekiti dukani kwake, katikati ya mifuko ya saruji. Alinisikiliza akimhudumia mteja.

"Sasa unataka mgeni aanzie wapi? Juu?"

"Sijui bado. Lakini si mahali ambapo hatujui kama ni pake."

"Mwalimu, unyenyekevu ni kitu kizuri. Mtu akianzia chini anajifunza subira."

"Mimi najifunza subira, sawa. Na yule bwana wa mkonge, yeye amejifunza nini?"

Akapima misumari ya mteja, akasema tutaongea siku nyingine.

Kabla ya hiyo siku nyingine, akaja afisa. Alikuwa ametumwa na serikali kusimamia mambo ya maji, mtu mkubwa, mpole, mwenye suti hata katika joto lile. Alikuja ukumbini akasema alicheza kidogo alipokuwa chuoni na angependa kujiunga. Nilimwangalia mwenyekiti. Nilidhani atachukua kibati na kukipeleka chini, kama alivyofanya kwa kila mtu.

Hakuweza. Nafikiri hakuna kati yetu ambaye angeweza. Alikishika kile kibati kwa muda, akakigeuzageuza, kisha akakitundika msumari wa tatu kutoka juu, chini ya daktari wa zahanati, aliyeshika msumari wa juu, na chini ya kibati chake mwenyewe.

"Unyenyekevu je?" nikamnong'oneza.

"Nyamaza, mwalimu," akaninong'oneza naye.

Afisa alisema ukweli kwamba alicheza kidogo. Alijua jinsi kila kipande kinavyotembea, na zaidi ya hapo hakujua. Aliyekuwa chini yake akamwomba mchezo, akamshinda. Wa chini ya huyo naye akamwomba. Kila Jumamosi palikuwa na mtu anayengoja zamu yake, maana wote waliona ngazi ya bure. Karani wa posta, ambaye hakuwahi kufika huko katikati, alimpita akatembea ukumbini kifua mbele. Mimi pia nilimpita, maana zamu iliponifikia sikuwa na la kufanya ila kucheza. Afisa alikuwa muungwana. Kila aliposhindwa alicheka na kusema, "Mmenishika tena." Lakini kicheko kilikuwa kinafupika. Sheria ilimshusha mbele ya watu walewale aliowaongoza katika mikutano ya maji, na mlinzi alipomshinda, afisa aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akasema kazi imekuwa nyingi siku hizi. Hakurudi.

Siku chache baadaye mwenyekiti alikuja shuleni kwangu wakati wa mapumziko. Alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakigusa kidevu, na kofia yake akaiweka mbele yake.

"Mwalimu," akasema, "nieleze tena."

Nilijikuta natembea mbele ya ubao wa darasa nikieleza, chaki mkononi. Nilimwambia tumewafukuza watu wawili, mmoja kwa kudanganywa kwamba aliyeko chini yake ni mdogo, mwingine kwa kutundikwa juu ya uwezo wake. Makosa yanaonekana tofauti lakini yametoka mahali pamoja, kwamba tunamtundika mtu kabla hatujamwona akicheza.

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo mgeni asitundikwe kwenye misumari yetu. Apigiliwe msumari wake kando. Acheze kwanza na mtu wa chini, na wa katikati, na wa juu. Tuone anamshinda nani na anasumbuana na nani. Baada ya hapo ndipo tumtafutie mahali. Na hata tukishamweka, kwa muda akubaliwe kuruka misumari kadhaa kwa mara moja, maana tunaweza kuwa tumekosea."

"Na yule anayeshindwa na mgeni?"

"Asishuke. Hapo ndipo penye uzito, mzee. Mgeni hatujamjua. Huwezi kumshusha mtu kwa kushindwa na kitu usichokijua."

Jumamosi ile ukumbi ulikuwa na kelele. Daktari wa zahanati, ambaye alikuwa juu ya wote na hakuwa na haraka ya kubadilisha chochote, alipinga. "Nikishindwa bila kushuka, nitacheza kwa moyo gani? Nitapiga miayo tu." Karani wa posta, aliyekuwa amepanda juu ya mgongo wa afisa, alisema ubao usiguswe kabisa. Mlinzi ndiye aliyenishangaza. Alisimama, akasema, "Mimi nilimshinda mkubwa yule, na sikufurahi. Nilijua si pake. Ilikuwa kama kumpokonya mtu mzigo usio wake." Akakaa.

Mwenyekiti akasema, "Basi tufanye. Na kwa kuwa ubao umeharibika, tupimwe wote upya. Wote, pamoja na mimi."

Hilo sikulitarajia. Nilipokuja na mawazo yangu, nilijiona niko nje ya kipimo, kama mpimaji. Tulicheza mwezi mzima, kila mtu na watu wa kila upande, na mimi nikiwa mmoja wao. Nilikuwa nimefika msumari wa pili kwa kumshinda mwenyekiti mara moja, na moyoni nilikuwa tayari nimeshamtoa daktari. Vibati vilipotundikwa upya, changu kikawa cha tano.

Nilikiangalia sana. Nikakumbuka michezo yangu mmoja baada ya mwingine nikitafuta mahali nilipoonewa, nikakosa. Ilikuwa sawa. Mwenyekiti alinishinda mara zote mwezi ule, na karani wa posta, aliyepiga kelele kuliko wote, kumbe alikuwa amepanda kwa haki zaidi kuliko nilivyodhani, maana alisimama juu yangu kwa nafasi moja. Alinisukumia kiti tu, nikakaa.

Niliporudi chumbani kwangu jioni ile sikusogeza meza. Labda nilikuwa nimechoka.

Msumari wa mgeni ulipigiliwa kando ya ubao, peke yake, na ukakaa mtupu kwa wiki kadhaa. Mimi nilikuwa nimemtumia yule bwana wa mkonge ujumbe mara mbili kwa wauza nyanya kwamba sheria imebadilika. Jibu lilikuwa salamu na nyanya.

Kisha Jumamosi moja mlango ukafunguliwa akaingia mkewe, peke yake, leso mabegani.

"Nimesikia kuna msumari wa mgeni," akasema.

Mwenyekiti akainuka. "Ndiyo, mama. Mzee anarudi?"

"Mzee anakuja akimaliza kufunga maji. Huo msumari ni wangu."

Ikaonekana kwamba miezi ile yote yule bwana hakuwa ameacha kucheza. Alikuwa amechora miraba kwenye kipande cha gunia, akachonga vipande kutoka kwenye mti wa mkonge, ule mlingoti wake mwepesi unaokauka, na kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine alimfundisha mkewe. Alipotuambia hivyo nilijiona mimi na kaka yangu.

Mwenyekiti alimkatia kibati, akakitundika kando. Akampangia mlinzi kwanza. Mwanamke yule alicheza kama alivyofungua mfereji, tuta baada ya tuta, bila kurukia jambo. Akamshinda mlinzi. Alicheza nami, nikamshinda, lakini jasho lilinitoka na kuna mahali nilishika kiti. Alicheza na daktari, akashindwa haraka, akauliza, "Nilikosea wapi?" na daktari, aliyesema angepiga miayo, alirudisha vipande nyuma akamwonyesha mpaka chai ikapoa. Mlinzi, aliyeshindwa bila kushuka, alisimama nyuma akiangalia naye.

Mumewe alipofika alikuta mkewe anatafutiwa nafasi. "Mwekeni popote," akasema, "lakini mimi huwa namshinda nyumbani."

"Nyumbani ni nyumbani," mwenyekiti akamwambia. "Na wewe utapimwa."

Akapimwa. Alikuwa amekua sana. Kumfundisha mtu kulimfungua macho. Alimshinda mlinzi, kitu alichokitafuta tangu mwanzo, na mlinzi akampa mkono kwa nguvu kiasi cha kumyumbisha. Mwishowe bwana alitundikwa juu ya mkewe, na mkewe juu ya mlinzi na wengine wawili.

Nilikaa Kibwezi miaka mingine kadhaa. Afisa wa maji alihamishwa kabla hatujapata ujasiri wa kumwendea, na hilo halikutengenezeka. Wageni wengine walikuja, na siku zote kulikuwa na ubishi kuhusu mahali pao, wengine wakilalamika wamewekwa chini, mmoja akilalamika amewekwa juu mno. Kila walipobishana mimi nilikuwa wa kwanza kusimama kusema wapimwe tena.

Barua ya kurudi upande wa Kitui, Kwa Vonza safari hii, ilinifikia mwanzoni mwa miaka ya tisini. Jumamosi yangu ya mwisho yule mama alimwomba mumewe mchezo, rasmi, mbele ya watu. Malori yalipita nje, na kwa mara ya kwanza sikumbuki kama niliyasikia. Alimbana polepole, akamnyima nafasi, mpaka mfalme wa mumewe akakosa mraba. Yule bwana alikaa akiangalia mezani, mkono wake mmoja kwenye goti.

"Jumamosi ijayo," akasema hatimaye. "Nataka tucheze tena."

"Jumamosi ijayo naenda kwa mama yangu Makindu," mkewe akamjibu, akiinuka kwenda ukutani kubadilisha vibati. "Wewe utabaki na maji."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko sisi.